Nyongeza Moja ya Duka

Niliomba kuongezewa mshahara mara moja tu maishani, na nilifanya mazoezi wiki nzima. Asubuhi nikitoka nyumbani kwenda barabarani nilikuwa naiambia migomba: "Haji, nimekufanyia kazi miaka kumi na mmoja. Naomba uniongezee." Migomba haikupinga. Nikifika kwenye lami nilinyamaza, kwa sababu hapo kuna watu.

Haya nayatoa kwenye daftari langu. Mimi niliishia darasa la nane, na sina hakika kama mambo ya mkata nguo yanafaa kuandikwa. Ila kichwa changu hakiamini jambo mpaka kilione limekaa kwenye mstari.

Watu wakisikia fundi wa nguo wanafikiria cherehani. Lakini kabla ya cherehani lazima mtu afungue jora la kitambaa mezani, achore kwa chaki, halafu atie mkasi. Huyo akikosea, mshonaji hawezi kumwokoa. Huyo ndiye mimi. Duka letu lilikuwa Kisii mjini, duka la yunifomu za shule, na mwenyewe ni Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya nguo, akaoa, hakurudi tena kwao. Sote tulimwita Haji. Yeye aliniita Fundi. Kwenye cherehani alikaa mama mmoja wa Keumbu, Mkatoliki, amenizidi umri kidogo. Nilimwita Mama, naye aliniita Pasta, kwa sababu mimi ni Msabato na nina shamba la chai Birongo ila chai yenyewe sinywi. "Pasta anawauzia watu dhambi," alikuwa akisema, "yeye anakunywa uji."

Kukata yunifomu huku kwetu kuna ufundi wake. Mzazi hamnunulii mtoto aliyesimama mbele yako. Anamnunulia yule atakayekuwa hapo baada ya miaka miwili. Anasema, "Fundi, iwe ya kukua," nawe unamwangalia mtoto, unamwangalia na mama urefu wake, kisha unaacha pindo. Ukiacha pindo dogo mzazi analia mwaka ujao, ukiacha kubwa mtoto anachekwa mwaka huu. Mimi pindo langu lilikuwa linasifiwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu ndilo lililonitia moyo wa kuomba.

Nilimwendea Haji Jumanne moja ya Novemba, saa nane, wateja wakiwa wachache.

"Haji, nina neno."

"Sema, Fundi."

Yale ya kwenye migomba yote yakaruka. Nikasema, "Naomba uniangalie kidogo upande wa mshahara."

Hakukasirika. Lazima niseme hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaniuliza, "Januari inayokuja hakuna Form One. Umelifikiria hilo?"

Sikuwa nimelifikiria. Mtaala ulikuwa umebadilishwa, na wale watoto ambao wangeingia sekondari mwaka huo walikuwa wanabaki palepale shule za msingi, na kaptura zao zilezile. Na mtoto wa Form One ndiye mkate wa duka la yunifomu. Yeye hununuliwa kila kitu viwili viwili, na sweta, na tai, na soksi.

"Nitamuuzia nani?" akasema Haji. "Hawa wa zamani wanakunjua pindo tu, maisha yanaendelea."

Akacheka kidogo, maana pindo lenyewe nilikuwa nimeliacha mimi. Nami nikacheka. Ingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Nilikuwa nimeshageuka kurudi mezani aliposema, bila kuinua kichwa, "Na Jumamosi zako je, Fundi? Kuna duka lingine lingekupa?"

Nilirudi nikashika chaki. Mteja wa kwanza aliyekuja baadaye alirudisha sketi Ijumaa yake, akaifunua upande wa ndani mbele ya watu. "Fundi, hii ni ya mtoto wa leo tu? Kesho avae nini, gunia?" Pindo lilikuwa upana wa kidole kimoja. Sijui nilikata vile nikiwaza nini.

Kuhusu hizo Jumamosi, mambo yalikuwa hivi. Mimi Jumamosi sifanyi kazi, na Ijumaa huondoka saa kumi ili jua likizama, Sabato ikianza, linikute nyumbani nimeshaoga. Jumamosi ni siku ya soko na duka hujaa. Haji aliniachia siku hiyo tangu mwanzo, na mshahara hakuupunguza. Lakini Ijumaa mchana Haji huenda msikitini, na muda huo wote duka lilikuwa mkononi mwangu. Mwezi wa Ramadhani yeye aliondoka saa kumi na moja kwenda kufuturu, mimi nikabaki kufunga duka. Haikuwa imeandikwa popote wala kutamkwa. Nilidhani yeye ananibebea siku yangu na mimi nambebea yake, na mambo yamelingana. Kumbe kwake Jumamosi ilikuwa zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa ndiyo nyongeza yangu.

Mke wangu aliujua uso wangu tangu Ijumaa jioni, lakini Sabato sisi hatuongei mambo ya kazi. Tulienda kanisani, tukala, tukatembelea mgonjwa. Jua lilipozama nyuma ya kilima akasema, "Haya. Sasa sema."

Nikamweleza. Nikamweleza na mambo ya Form One, kwamba Haji naye ana haki, na kwamba kweli maduka mengi yasingenipa Jumamosi.

"Wewe," akasema mke wangu, "mtu akikukanyaga utasema ni mguu wako ulikuwa chini ya kiatu chake."

"Lakini ni kweli hakuna Form One."

"Na karo yetu nayo haiko? Sukuma kuni hizo." Akageuza sufuria. "Na yule mama wa makambi?"

Yule mama wa makambi nilikuwa nimejifanya kumsahau. Kila Agosti sisi Wasabato hukutana kwenye makambi, wiki nzima ya mahubiri na nyimbo, na kwaya kila moja huja na sare yake. Mwaka huo sare za kwaya yetu nilikuwa nimezikata mimi. Mama mmoja wa Kenyenya alikuja baada ya wimbo, akashika bega la mwimbaji wetu wa sauti ya nne kama anayepima ng'ombe, akauliza, "Bega hili limekatwa na nani?" Alikuwa anafungua duka karibu na ofisi za serikali kule, anawashonea akina mama wa ofisini na vikundi vya chama, vile vya kuchangiana pesa. Aliniambia nikitaka kazi nimpigie, na akataja mshahara. Ulikuwa mkubwa kuliko nilioenda kumwomba Haji.

Kubaki au kwenda, basi. Kenyenya si karibu na Birongo. Ningepanga chumba, nitoke nyumbani Jumapili, nirudi Ijumaa. Chai ingebaki na mke wangu peke yake, kuichuma na kuipeleka.

"Nyumba itakuwa na amani siku tano," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti nyingine, "Mimi nitaweza. Usinifanye mimi kuwa sababu."

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda Kenyenya. Duka lilikuwa dogo, safi, meza mpya ya mbao. Mwenyewe alinionyesha kila kitu, akaniambia Ijumaa wanafunga saa sita na Sabato haiulizwi. Nilitafuta kasoro, maana mimi nikipewa kitu kizuri natafuta kasoro, na niliyoipata ni meza tu, ilikuwa chini kidogo kwa mgongo wangu. Nikamwambia anipe wiki mbili nifikirie.

Wiki hiyo nilikuwa mtu mbaya. Nilimjibu Haji kwa "ndiyo" na "hapana". Ijumaa, alipoenda msikitini, nilimfungukia Mama kwenye cherehani yake. Nilisema mengi. Nilisema Haji ananihesabia Jumamosi zangu, ilhali mimi sijawahi kumhesabia Ijumaa hata moja. Nilikuwa nimesimama, mkasi mkononi, kama mtu anayehubiri kweli.

Mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Pasta, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa niambie. Haji akiwa msikitini nani yuko dukani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

Nikaweka mkasi mezani.

"Na Jumamosi wewe ukiwa kanisani, nani yuko?"

"Wewe na Haji."

"Na Jumapili asubuhi, mkifungua, mimi niko wapi?"

Alikuwa pale. Jumapili duka lilifunguliwa mpaka saa nane, na yeye alikuwepo kila wakati. Ni kweli Haji alimpa Jumatano mchana apumzike, lazima niliseme, lakini Jumatano hakuna misa.

"Haji ana Ijumaa yake," akasema, "wewe una Jumamosi yako. Mimi Jumapili yangu naitia mfukoni kama leso. Mnapogombania siku, nyinyi wanaume wa dini, mngeniuliza mimi." Alikuwa anacheka, na ndiyo maana niliona vibaya zaidi.

Halafu akaniuliza kama nimewahi kutazama mifuko ya kaptura. Nilikuwa nimeitazama. Mifuko ya ndani hushonwa kwa kitambaa cha bei ya chini, hakuna anayekiona. Lakini kama miaka miwili hivi kaptura zetu zilikuwa zinatoka na mifuko ya kitambaa kizuri kilekile cha nje. Nilidhani ni ukarimu wa Haji, na hata wazazi nilikuwa nawasifia.

"Ukarimu gani!" akasema Mama. "Jumamosi ni Haji anayekata. Macho yake hayaoni chaki tena. Anakata sketi inaenda upande kama mlevi. Jumapili wewe unakuta kila kitu sawa. Umewahi kujiuliza ni nani alikisawazisha? Ninakata upya, na vile vilivyoharibika navifanya mifuko."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili ukae kanisani ukiwaza sketi? Na yeye nimwaibishe? Mzee wa watu."

Kumbe Mama alikuwa anajua kukata. Nilimpa kipande cha kaki hapohapo, nikamwambia achore kaptura ya darasa la tatu. Alichora bila tepu, akipima kwa kiganja. Ilitofautiana na yangu kidogo tu, kwenye kiuno, na nikiwa mkweli kiuno chake kilikuwa bora.

Siku mbili zile nilizunguka na jambo hili. Nilikuwa nimemshtaki Haji moyoni kwamba anahesabu alichotoa na hahesabu alichopewa. Sasa nilikuwa naliona shtaka hilohilo likinitazama mimi. Lakini pia niliona kwamba kujilaumu hakujibu swali. Kujilaumu nakuweza sana, nakufanya badala ya kuamua.

Jumatatu nikamwendea Haji. Mara hii sikufanya mazoezi.

"Haji, nimepata kazi Kenyenya."

Aliweka kikombe chini. "Umeshaamua, au unanitisha?"

"Sijui."

"Mtu anayetisha huwa anajua," akasema, akanivutia kiti.

Nikamwambia kwamba Mama anajua kukata. Nilikuwa nimeapa moyoni kutogusa habari ya macho yake wala ya Jumamosi. Nikasema tu kwamba nimemwona akikata na mkono wake ni mzuri.

"Najua," akasema Haji.

"Unajua?"

"Fundi, sioni chaki. Mfuko nauona. Kitambaa nanunua mimi." Akatazama nje barabarani. "Alininyamazia, na mimi nikamnyamazia. Nilidhani ni adabu."

Mteja akaja kuuliza soksi, akauziwa, akaenda. Ndipo Haji aliposema jambo ambalo lingekuwa rahisi kwake kulificha. "Mimi nitakwambia wazi. Duka hili, mwaka huu, lina nyongeza moja. Ndogo. Nilikuwa nimekunyima kwa sababu nilikuwa naiogopa Januari. Ukibaki nitakupa, nitajibana. Ukienda, huyo mama wa cherehani atakuwa mkata nguo wangu, na atapata mshahara wa mkata nguo, na nitatafuta mtu wa cherehani. Lakini wote wawili siwezi. Kwa hiyo usiniulize mimi la kufanya."

Nilimwomba siku moja. Nilipomweleza mke wangu jioni, tukiwa tunapepeta maharage, nilimwambia kinachonisumbua. Nikienda, watu watasema nimemwachia Mama nafasi, na mimi nitapenda kusikia hivyo, kumbe nimefuata mshahara mkubwa.

"Kwani haiwezi kuwa yote mawili?" akauliza mke wangu.

"Inaweza?"

"Wewe unataka jambo jema liwe na uchungu ndiyo uliamini. Chukua kazi."

Nikamwambia Haji nitaondoka mwisho wa Januari, shule zikishafunguliwa. Aliitikia kwa kichwa. Mama alipoambiwa na Haji kwamba atakuwa mkata nguo, na kwa mshahara upi, alisimama kwenye cherehani, akakaa, akasimama tena. Kisha akaweka sharti lake, mbele yetu sote wawili: Jumapili hatakuja mpaka misa ya pili iishe. Haji akasema, "Hata hujashika mkasi!" Mama akasema, "Ndiyo maana nasema sasa." Alipewa. Niliandika hilo kwenye daftari mara mbili, maana mimi nilihitaji miaka kumi na mmoja na migomba.

Januari ilikuwa kama Haji alivyosema. Duka lilikuwa na watu lakini si ule umati. Wazazi walileta sketi za mwaka juzi tuzikunjue. Nilimfundisha Mama yale machache aliyokuwa hajui, jinsi ya kulaza kitambaa chenye mistari ili mistari ikutane mshononi, na jinsi ya kusema "hapana" kwa mzazi anayetaka pindo la miaka mitano. Hilo la pili alilijua kuliko mimi. "Mama," alimwambia mmoja, "huyu mtoto atakua, lakini si mti." Kuna siku alikata jora zima la kijani bila mimi kusimama karibu, na nilienda kununua ndizi ambazo sikuzihitaji ili nisimchungulie.

Ijumaa ya mwisho, saa kumi, nilitundika tepu kwenye msumari. Haji akavaa viatu, akasema atanisindikiza hadi steji. Hakuwahi kunisindikiza hata siku moja. Tulitembea polepole kwa sababu ya macho yake, nikimshika kiwiko penye mitaro. Tuliongea habari za mvua, kwamba imechelewa, na habari za binti yake aliyejifungua. Gari la kwenda kwetu lilikuwa bado linajaza. Tukasimama kando.

"Fundi," akasema, "nitakuuliza, na usikasirike. Mwaka juzi Grade Seven wa mtaala mpya walianza na Form One waliingia, wote pamoja. Tulikata mpaka mkono wako ukavimba. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Pesa ilikuwepo. Ungeniomba mwaka ule ningekupa, hata kiti nisingekuvutia. Mbona hukuniomba?"

Nikasema la kweli. "Nilingoja unione."

"Na mimi nilingoja useme," akasema Haji. "Mtu akinyamaza najua ametosheka."

Makanga wa gari akaita abiria. Haji akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitakia heri, akaanza kurudi akifuata ukuta wa maduka. Nilimtazama mpaka akavuka. Nimeyageuza maneno yale mara nyingi. Kuna siku naona alipaswa kuniona, maana nilikuwa mbele yake miaka yote ile, na mkono ulivimba kweli. Kuna siku naona angenionaje, na mimi kila asubuhi nilikuwa namsalimu nikitabasamu.

Mwezi wangu wa kwanza Kenyenya ulipoisha, mwenye duka alinipa mshahara akaniuliza kama niko sawa, kama kuna kinachonisumbua. Nilifungua mdomo kusema niko sawa. Nikaufunga. Kisha nikasema, "Meza iko chini. Mgongo unaniuma."

"Ungesema siku ya kwanza!" akasema, na mchana ule akamleta seremala. Seremala akaongeza miguu ya mbao, akaondoka. Sasa meza imekuwa juu kupita kiasi, nakata mabega yakiwa masikioni. Jumatatu nitamwambia.